UKOO WA KONDE 🌴 (kikundi): Safari ya Mapinduzi

Jumamosi, 4 Januari

Rukia: Assalaam alaykum ahli zangu. Leo silali mpaka jambo hili likae sawa. Safari ya Pemba ni Alkhamisi hii usiku kwa meli ya magari, Ijumaa alfajiri tuko Mkoani. Tunarudi Jumatatu. Siku zote hizo hatulali hotelini wala ndani ya nyumba. Tunalala pwani kwenye mahema, tunafuata bahari kutoka Mkoani mpaka Kigomasha. Nataka majina usiku huu.

Rukia: Jamani?

Sele: Waalaykum salaam. Mie nipo. Nna swali moja la muhimu. Nani anapika?

Rukia: Sele, majina kwanza.

Sele: Jina langu Suleiman bin babaako. Haya, nani anapika?

Hamad (shemeji): Shem, Noah ipo, breki nishatengeneza. Ila na mizigo haichukui zaidi ya watu saba.

Rukia: Ahsante Hamad. Wenye kiu ya safari wanajulikana. Sasa someni vizuri nisirudie.

Usiku wa kwanza Wambaa. Kutoka Mkoani si mbali, pwani ndefu, na iko magharibi, kaskazi haitupigi. Watoto watakuwa wamechoka na meli, wacheze maji walale.

Usiku wa pili Vitongoji, kule kwenye vighuba vya katikati ya majabali. Chake Chake ipo karibu, aliyesahau dawa au nepi atakwenda kununua.

Usiku wa tatu Vumawimbi, na asubuhi yake tunakwenda Ras Kigomasha kuuona mnara.

Mafuta na mkaa tunachukua Chake. Maji ya kunywa tunajaza madumu Konde, maana ukishaupita msitu wa Ngezi usitegemee duka. Kuni hatukati hata kijiti, si Ngezi wala kwenye mikoko. Seredani mbili za mkaa ninazo.

Mchango 60,000 kwa mtu mzima, watoto nusu. Mwisho Jumanne. Nafasi ya gari melini inalipiwa mapema, na hii ni sikukuu, kila mtu anavuka.

Mwanakombo: Mahema ndo yale?

Rukia: Yepi?

Mwanakombo: Ya pesa za Kizimkazi.

Rukia: Mahema ni mahema, Mwanakombo. Yapo matatu, yamekaushwa jua, zipu zinafunga. Risiti niliitia humuhumu.

Mwanakombo: Mie nauliza tu.

Ami Khamis: Waalaykum salaam wanangu. Nimesoma yote. Rukia, nani kakwambia Vitongoji wakati wa kaskazi? Upande ule upepo unaingia moja kwa moja, hema litajaa kama tanga na vigingi vitang'oka. Vumawimbi vilevile, ni mashariki, miezi hii inavuma kama jina lake.

Na jengine. Tarehe hizo mwezi unakaribia mpevu, maji ni bamvu, yanajaa na kupwa kuliko siku nyengine. Mtafika saa tatu saa nne asubuhi mtakuta pwani tupu, mchanga mpaka kule, mtasema hapa ndo pazuri mkatia mahema. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu maji yanajaa saa tisa kwenda saa kumi, na nyinyi mmelala na watoto.

Kabla ya kutia hema mtu atafute mstari wa mwani mkavu na vijiti. Ule ndo mpaka wa maji ya jana. Lakini bamvu likiwa linapanda, ya leo yatapita ya jana, kwa hivyo msikae mstarini, pandeni juu. Mkiuona mlakasa umetambaa mchangani, hapo maji hayaji kila siku. Sie wavuvi dago zetu, kambi za pwani, tunazijenga nyuma ya mlakasa, ndo maana hamjasikia mvuvi kachukuliwa na maji usingizini. Na msitie chini ya mnazi. Kaskazi inashusha makuti na nazi zake. Tafuteni mvinje.

Sele: Ami, nazi ikishuka yenyewe si tushapata tui 😂 Pweza wa nazi huyo.

Hamad (shemeji): Pweza na mkate wa kumimina 🤤

Sele: Mkate wa kumimina juu ya seredani? Shem wewe hujaoa kwetu vizuri.

Asha: Mie nataka changu wa kukaanga na muhogo 🙋🏽‍♀️

Sele: Andikeni, Rukia anataka majina. Jina: Changu.

Rukia: Jamani, Ami kasema jambo la maji kuingia mahemani na watoto wamelala, nyinyi mnazungumza pweza. Ami, nimekusikia. Vitongoji naitoa. Tulale wapi badala yake?

Sele: Tulale Kidike na popo. Nassor ana jamaa zake pale tangu alivyomaliza mapera ya Bibi usiku mmoja 🦇

Asha: 🤣🤣🤣

Rukia: Ami?

Jumapili, 5 Januari

Fatma Dar: Salaam. Ndo nafungua simu. Tunakwenda wapi?

Rukia: Panda juu usome, mama.

Fatma Dar: Nimesoma. Kwa nini si Misali? Maji yake masafi kuliko kote huko.

Ami Khamis: Misali ni hifadhi, tangu 1998. Wavuvi wanaopiga dago pale wana utaratibu wao. Nyinyi nendeni mchana, mpande mashua Wesha, mwogelee, mrudi mapema. Kulala na kundi la watoto bila ya ruhusa, hapana.

Rukia, nenda Verani. Ni upande wa machweo wa rasi ileile, kaskazi inakupigia mgongoni na miti inakukinga. Bahari hapo huwa imetulia. Gari msiiteremshe mpaka mchangani, Noah itazama. Mwisho wa njia ngumu iacheni, mizigo mbebe.

Rukia: Allah akujaze kheri Ami. Verani basi, usiku wa pili na wa tatu.

Ami Khamis: Ila hamtii hata kigingi kimoja kabla sheha hajajua. Wageni wametia mahema usiku, watu wa kijiji hawawajui, hilo si jambo. Nitamwendea mie mwenyewe, niwataje kwa majina na nyumba mnayotoka.

Mwanakombo: Haya, sheha kajua. Na choo? Mmepanga mnara, mmepanga popo, mmepanga pweza. Wanawake na watoto wa kike watastirika wapi siku tatu?

Rukia: Swali lako ni la haki. Kila mahali tutapita kwanza nyumba ya jirani, tutoe salamu, tuombe choo na maji ya kisima, tuwape chochote. Nimenunua na kihema chembamba cha kuogea na kujistiri, cha kusimama mtu mmoja. Usiku tunatoka wawiliwawili na tochi.

Nataka nikwambie kwa nini nashikilia hivi, Mwanakombo, na wengine mliokaa kimya msome. Watoto wetu wanaijua Pemba ya dirisha la gari. Bandarini mpaka Konde, wanakula, wanapewa mapera, wanarudi. Zahor mwezi uliopita kaniuliza, Mama, kwa Bibi kuna bahari? Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 67 hivi, mtoto kakivuka mara chungu nzima na bahari hajaigusa. Kwetu Unguja sasa unapita baina ya ukuta na ukuta kuitafuta pwani. Verani bado mtoto anaweza kutoka hemani alfajiri na hatua zake zikawa za mwanzo mchangani. Nataka aone maji yanavyopwa kwa macho yake, ajue bamvu ni nini kabla hajasomeshwa skuli. Hilo haliji kwa kulala chumbani na feni.

Fatma Dar: 🥹 Kweli.

Asha: Da Rukia nimeamini.

Mwanakombo: Maneno mazuri. Usiku unanyooka, joto, usubi, mbu wa mikokoni. Mwanangu wa mwisho ana pumu na nyote mnajua.

Rukia: Vyandarua nachukua. Tutakaa mbali na mikoko. Na kama Verani patakuwa pagumu, tusogee Makangale, pale palipokuwa petu, kisima kipo na mivinje aliyopanda Babu ipo.

Mwanakombo: Unapataja?

Mwanakombo: Unapataja pale humu ndani, Rukia?

Sele: Jamani.

Mwanakombo: *Ujumbe huu umefutwa*

Hamad (shemeji): Mie mgeni wa haya, natoka kidogo.

Rukia: Nimetaja kisima. Sikutaja mtu.

Mwanakombo: Kila mmoja humu anajua kile kiwanja kilikwendaje, na nani alikuwa na funguo wakati ule, na nani hakuambiwa mpaka mivinje ikatiwa rangi.

Ami Khamis: Mwanakombo, acha.

Mwanakombo: Ami, wewe ndo wa kwanza ulopaswa kusema.

Asha: Assalaam alaykum. Nipo Konde na Bibi. Nimemsomea yote, mpaka lile lililofutwa maana nilikuwa nishalisoma. Kasema niandike alivyosema, nisipunguze.

"Nimesomewa. Pale Makangale aliyeuza ni mie. Si Khamis, si marehemu baba yenu. Mwenye neno aje aniambie mie, ningali hai.

Jengine. Mnapita Konde, mlango wangu u wazi, mnakwenda kulala mchangani kama watu wasio kwao. Kesho mtu sokoni ataniuliza, Bi Zuwena, wajukuu wako wamelala wapi? Nimjibu nini? Sie tulilala makambini msimu wa karafuu, kwa kazi, mvua inatunyeshea, watoto migongoni. Baba yenu aliijenga nyumba hii ili asilale tena nje mtu wake. Vyumba vitatu nishafagia tangu Rukia alipotaja Mapinduzi. Godoro nimelianika. Basi."

Hayo ndo aliyosema.

Jumatatu, 6 Januari

Nassor Muscat: Assalaam alaykum. Kazi ilinizidi, ndo nimesoma. Allah ampe Bibi umri na afya. Mie ntatuma mchango wa watu wawili japo siji. Na mapera yale sikuyala peke yangu, Sele alikuwa juu ya mti.

Sele: Haya si wakati wake Nassor.

Rukia: Bibi, shikamoo. Asha msomee. Mahema si kuukimbia mlango wako. Nyumba yako ndo sababu ya kwenda Pemba badala ya kwengine. Nimekaa jana usiku wote nalipindua hili. Naomba hivi: Ijumaa tukishuka Mkoani tusilale Wambaa, tupite tu watoto waoge, tuje moja kwa moja kwako. Ijumaa na Jumamosi tulale Konde, magodoro yako yote tuyajaze. Jumapili peke yake tulale Verani, Jumatatu asubuhi turudi kwako kwa chai kabla ya meli. Usiku mmoja tu, Bibi. Kwa ajili ya watoto.

Fatma Dar: Mie naunga mkono.

Hamad (shemeji): Nami.

Ami Khamis: Jumapili hiyohiyo ndo bamvu nililosema. Nitakuja na mie. Ntalala nje na turubai langu, niyaangalie maji.

Asha: Bibi kasema: "Khamis akiwepo, usiku mmoja. Mwenye pumu na mwenye kunyonya wabaki kwangu. Na kabla ya kwenda mchangani mpite kaburini kwa baba yenu, nyote, mpaka yule asiyetaka kuzungumza na mwenzake."

Rukia: Inshaallah Bibi. Tutapita sote.

Sele: Inshaallah.

Fatma Dar: Inshaallah.

Rukia: Mwanakombo?

Rukia: Mwanakombo, mtoto atabaki kwa Bibi, chumba cha mbele, dirisha linaingiza upepo. Nakuombea nafasi au sikuombei?

Jumanne, 7 Januari

Rukia: Walolipa mpaka sasa: Hamad, Nassor, nusu ya Sele. Leo ndo mwisho.

Sele: Nusu nyengine ipo kwenye changu.

Rukia: Sele wallahi leo sina mzaha.

Mwanakombo: Mie sijasema siendi. Sijasema nakwenda. Kwa Bibi ntakwenda, hilo halina mjadala. La mahema sijui.

Fatma Dar: Mie natokea Dar, kwani meli ya magari inapitia Unguja saa ngapi? Au nikutane nanyi Mkoani?

Rukia: Fatma nakupigia.

Hamad (shemeji): Shem, nipo bandarini. Wananambia nafasi ya gari imebaki moja, ikifika saa kumi kama sijalipa anapewa mwengine. Nilipie?

Rukia: Lipia.

Mwanakombo: Kwa pesa ya nani?

Rukia: Lipia Hamad, nipo njiani nakuja.

Ami Khamis: Nimekwenda kwa sheha, sikumkuta. Kenda Wete kwenye kikao. Nimemwachia mkewe majina, narudi kesho baada ya adhuhuri. Rukia, na lile turubai langu kubwa nani alilichukua arusini kwa Asha?