Kompyuta inahengi kila nikifungua bango kubwa, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Dizaina_Umoja
Habari zenu wadau. Niko na deskitopu eks-UK nilinunua hapa tao mwaka juzi, prosesa i5, RAM 8GB, na diski ya 500GB ile ya kuzunguka. Nadizaini kadi za harusi, T-shati na bango za kanisa. Kadi haina shida, lakini nikifungua hili bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200 kwa Photoshop inaganda hadi mausi inakwama, halafu programu inajifunga yenyewe, na jana mchana ikazima yote kabisa na stima ilikuwepo. Nimeanza hii kazi mara tatu na mteja ameshanipa depo, sijalala vizuri. Ninunue mashini ingine ama?

Kijana wa Roysambu
Ongeza RAM ifike 16GB maneno iishe.

Fundi_Luthuli
Dada pole sana. Usitoe pesa bado. Kwanza kopi kazi zote za wateja uweke kwa flashi au diski ya nje, leo, kabla hujagusa kitu.

Halafu hizo ni shida mbili, usizichanganye. Programu kujifunga peke yake mara nyingi ni memori (RAM) imejaa au nafasi kwa diski imeisha. Mashini kuzima ghafla kama mtu ametoa plagi, hapo shuku joto au pawa saplai. Ungekuwa unapata skrini ya buluu ningekuambia upime RAM na diski.

Nijibu haya: hilo bango umeliweka dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa kila inchi? Drive C imebaki na nafasi gani? Na feni inaliaje?

Dizaina_Umoja
300 dpi, CMYK (zile rangi nne za kuprinti), leya kama 20 hivi. C imebaki 6GB. Feni inalia kama mashine ya kusaga posho, sijawahi kuifungua tangu ninunue.

Fundi_Luthuli
Basi tumeipata. Piga hesabu na mimi: sentimita 85 kwa 200 kwa 300 dpi ni kama pikseli milioni 237, na kwa CMYK kila pikseli inakula baiti 4, kwa hivyo leya moja iliyojaa inakaribia gigabaiti nzima, na wewe uko nazo 20, hata zikiwa nusu tupu bado ni mzigo. RAM ikijaa Photoshop inaandika kwa diski, na diski yako ni ya kuzunguka na imebaki 6GB tu, lazima ikwame. Shusha iwe 100 dpi, mzigo unakuwa sehemu moja ya tisa, na bango mtu analisoma akiwa amesimama mbali, lakini piga simu kwa mwenye kuprinti umuulize anataka ngapi. Maandishi na logo ziache ziwe vekta, yaani michoro isiyo ya pikseli, haiharibiki ukiikuza. Futa vitu C ifike angalau 50GB, funga Chrome ukifanya kazi.

Ya kuzima, chomoa waya ya stima, fungua kifuniko, toa vumbi na brashi laini ukishikilia feni isizunguke, na kama hiyo dawa ya juu ya prosesa ya kupitisha joto (thermal paste) imekauka paka mpya. Ikizima tena baada ya hapo leta tupime pawa saplai.

Mama Kalenda
Na ukipata pesa anza na SSD, ile diski isiyozunguka, kabla ya RAM, mimi nilibadilisha hiyo tu na ile mashini yangu ya zamani ikaamka. Ya kijana hapo juu si mbaya, lakini diski ndiyo inakuumiza zaidi.

Dizaina_Umoja
Asanteni sana. Mwenye kuprinti amesema 100 inatosha. Vumbi ilitoka hadi nikapiga chafya, na C sasa iko na 70GB. Nimefanya kazi tangu saa mbili asubuhi haijazima hata mara moja, faili imeenda jioni hii. SSD nitanunua nikilipwa balansi. Fundi, duka lako liko upande gani wa Luthuli Avenue?