Shavu limevimba usiku kwa jino bovu: aende dharura au asubiri kliniki ya meno asubuhi?

Gego38: Habari zenu wakuu. Nauliza kuhusu mtu mzima mwenye gego bovu la chini. Limeuma siku kadhaa, leo jioni shavu limevimba. Kliniki ya meno ya hospitali inafunguliwa asubuhi, usiku kuna kitengo cha dharura tu. Apelekwe sasa hivi au asubiri? Hana miadi, afanyeje ili aonwe kesho hiyo hiyo? Na kuna amoksilini zilizobaki nyumbani, aanze kunywa?

ZamuYaUsiku: Mpime kwanza mwenyewe. Apanue mdomo: vidole vyake viwili vikipangwa wima viingie kati ya meno ya mbele. Ameze mate mbele yako. Kisha papasa chini ya taya na chini ya kidevu. Mdomo ukigoma kufunguka, mate yakimtoka kwa kushindwa kumeza, chini ya kidevu pakiwa pagumu, ulimi ukiwa umenyanyuka, sauti ikikwama kooni, uvimbe ukishuka shingoni au ukifumba jicho, au akiwa na homa kali na kutetemeka, nendeni dharura sasa hivi. Dalili moja tu inatosha. Usaha wa magego ya chini hupata njia ya kushuka chini ya ulimi hadi shingoni, na hapo unabana njia ya hewa. Njiani akae wima, asilazwe chali.

Kama hana hata moja, na uvimbe umekaa shavuni tu, kwa kawaida usiku atapewa dawa ya maumivu na kuambiwa aende kliniki asubuhi. Vitengo vingi vya dharura usiku havina kiti cha meno wala mtu wa kung'oa. Hata hivyo muwe mnarudia kumpima kila baada ya saa chache, maana uvimbe huu unaweza kubadilika kabla hakujakucha.

Maumivu: parasetamoli 500 mg vidonge 2 kila baada ya saa 6, zisizidi gramu 4 kwa saa 24. Hesabu na ile iliyomo kwenye dawa za mafua, wengi huzidisha hapo. Anaweza kuongeza ibuprofeni 400 mg kila baada ya saa 8 akiwa amekula, isipokuwa kama ana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, ujauzito, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aspirini isibandikwe kwenye ufizi. Inauunguza, na jino linaendelea kuuma vilevile.

KitiChaMeno: Hizo amoksilini ziacheni. Usaha umefungiwa kwenye ncha ya mzizi na kiini cha jino kimeshakufa, hakuna damu ya kuifikisha dawa pale. Inayomaliza kazi ni kufungua jino, kutoboa jipu au kung'oa. Antibayotiki huongezwa pale uvimbe unaposambaa au mgonjwa ana homa. Mabaki ya dozi yanaweza kupunguza uvimbe siku mbili tatu, mtu akaghairi kwenda, kisha unarudi.

Kuhusu kuonwa bila miadi: fikeni kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, kwa sababu kliniki nyingi hutenga nafasi chache za dharura na zinaisha mapema. Mapokezi asiseme "jino linauma" akanyamaza. Aseme: gego la chini kulia, uvimbe umeanza jana jioni, homa ipo au haipo, nimekunywa dawa fulani saa fulani. Uvimbe ndio unaompandisha foleni. Foleni ya dharura hufuata uzito wa hali, kwa hiyo asishangae aliyekuja nyuma yake akiitwa kwanza.

Aje na dawa zake zote kwenye pakiti zake. Kisukari, presha, mzio wa penisilini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), sindano au vidonge vya mifupa: haya yatajwe kabla ya ganzi. Warfarini asiiache kwa uamuzi wake. Daktari atataka majibu ya kipimo cha kuganda kwa damu.

Gego38: Nashukuru. Asubuhi ale au aende na njaa?

KitiChaMeno: Kwa ganzi ya sindano ale kawaida, hasa mwenye kisukari, wanaozimia kwenye kiti mara nyingi hawajala. Ila uvimbe ukiwa na zile dalili za hatari, asile kitu hadi aonwe, maana anaweza kuhitaji usingizi wa upasuaji.

Na ganzi ikichelewa kushika asiogope. Kwenye usaha tishu huwa na asidi, dawa inafanya kazi kwa shida, kwa hiyo huchomwa mbali kidogo na jipu. Akihisi maumivu makali anyooshe mkono, aongezewe.

ZamuYaUsiku: Akishang'olewa: ang'ate shashi dakika 20 hadi 30 bila kuitoa kuchungulia. Asisukutue wala kuvuta sigara saa 24. Damu ikiendelea kutiririka, ang'ate shashi mpya iliyoloweshwa maji dakika 30 nyingine; isipokoma, arudi hata kama ni usiku. Maumivu yakizidi kati ya siku ya pili na ya nne, na harufu mbaya ikitoka kwenye shimo, huenda bonge la damu limeng'oka na mfupa uko wazi. Arudi kliniki wasafishe shimo na kuweka dawa humo.