Roki Nairobi kwa usiku mmoja: Alliance, baa za Westlands, au nifuate bendi tu?

Mgeni_wa_Mbagala
Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nina siku nne Nairobi. Kazi ni siku mbili, zilizobaki ni zangu. Huku Dar nikisema nasikiliza roki nzito jamaa wananiuliza kama nyumbani ni kwema, kwa hiyo nataka nikaione kwa macho. Nasikia kuna shoo Alliance Française, kile kituo cha utamaduni cha Wafaransa, kuna baa za Westlands, na kuna mzee mmoja kanisisitizia niende baa ya Choices huko Baba Dogo. Bendi ninazozijua ni Crystal Axis na Duma. Usiku mmoja tu, niuweke wapi?

Mkongwe_Ruaraka
Huyo mzee ni wa rika langu, mpe salamu. Choices ndiyo ilikuwa kanisa letu. Enzi za X FM, 105.5, ukisikia redioni kuna shoo unajua wikendi imepata mwenyewe. ParkingLotGrass, Last Year's Tragedy, Seismic, wote nimewaona nikiwa karibu kiasi cha kuwashikia kebo. Halafu redio ikazimwa na sisi tukapata watoto. Usipande matatu ya Baba Dogo kwa sababu ya stori zangu; ulizia kwanza kama kuna kitu usiku huo.

Mama_Besi
Mimi huwa jukwaani, kwa hiyo nitakwambia kinachoonekana kutoka huko.

Alliance, pale Loita Street, ni pahali unapewa muda wa kujaribu vyombo kabla watu hawajaingia, na fundi mitambo anajua gitaa la besi si mapambo. Unasikia kila kitu. Ubaya wake ni hadhira: nusu wamekuja kwa jioni ya utamaduni, wamekaa na watoto, wanapiga makofi kwa adabu. Ukianza kurukaruka peke yako utajihisi mwehu.

Baa ni kinyume. Kuna moja huko Westlands, jina naliacha, tulitangaziwa saa moja tukapanda saa tano na nusu. Mitambo yote ilikuwa imepangwa kwa ajili ya dijei. Ngoma hazikuwekewa hata maikrofoni moja, mwimbaji alikuwa anasikika yeye na toms, zile ngoma nene, basi. Na bado, mazee, ule ndio usiku watu waliimba maneno yetu kutushinda. Sijawahi kuupata Alliance.

Kwa hiyo kama unataka kusikiliza, Alliance. Kama unataka kurudi Dar umepoteza kiatu, baa.

Gitaa_Bila_Waya
Nyote mnamjibu kuhusu ukumbi. Roki ya Nairobi haina nyumba, iko kwa mpangaji leo hapa kesho pale. Fuata bendi. Angalia kurasa zao wiki hiyo, ukumbi utajulikana wenyewe.

Na hizo mbili alizotaja hazifanani kabisa. Crystal Axis ni panki: gitaa, ngoma, hasira yenye historia. Wameimba kuhusu Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Kongo, wameimba kuhusu Nyayo House. Hilo jengo utalipita ukiwa mjini, juu watu hupanga foleni ya pasipoti, chini ndiko kulikuwa na vyumba vya mateso enzi za Moi. Ukipita hapo mchana, usiku ukaisikia ile nyimbo, hutauliza kwa nini wanapiga kelele.

Duma walikuja wakiwa watu wawili na kompyuta. Jina ni giza, kwa Kikuyu. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, yaani jirani ndiye aliyetusikiliza kwanza. Mwimbaji, Lord Spikeheart, 2024 akatoa yake peke yake, The Adept. Huyo ukisikia anapanda jukwaa lolote wiki yako, acha mengine yote.

Mkongwe_Ruaraka
Duma si roki. Ile ni jenereta imeharibika.

Gitaa_Bila_Waya
Ndiyo uzuri wake. Na kumbuka huyo Spikeheart alitoka kwa metali, roki nzito ile ile yako, alikuwa kwenye bendi ya Lust of a Dying Breed. Hajashuka kutoka mbinguni.

Mkongwe_Ruaraka
Hiyo nakubali. Lakini bendi bila mpiga ngoma, mimi nitamwangalia nani?

Pwani_Kimya
Walahi mwajivunia! Sie huku Mombasa twalinganisha taarabu ya harusi hii na ya harusi ile. Mgeni, ukienda rekodi hata dakika mbili uzitupie hapa.

Mgeni_wa_Mbagala
Nimewaelewa wakuu. Nitafuata bendi. Nikikuta Crystal Axis wapo baa na siku hiyo hiyo kuna kitu Alliance, naenda baa, sauti mbovu nitaivumilia. Nyayo House nitapita mchana. Swali la mwisho: niende na nini, na usiku narudi vipi hotelini? Nitafikia karibu na River Road.

Mama_Besi
Teksi ya programu, usitembee, hasa upande huo. Simu mfuko wa mbele. Kiingilio ulipe mlangoni kama wengine, usiniandikie inbox nikuingize kwa orodha ya wageni, hiyo pesa ndiyo inayonunua nyuzi za gitaa. Na pamba za masikio. Mkongwe anajifanya hazihitaji, lakini kila kitu lazima umwambie mara mbili.