Nimepewa siku 21 kulipa deni la kampuni: nimtafute wakili wa aina gani?

Mwoka Mikate

Salaamu kwenu nyote. Nina kampuni ndogo ya kuoka mikate hapa Mombasa, yenye wafanyakazi kumi na mmoja. Kampuni inayotuuzia unga imetuletea, kupitia wakili wake, hati ya kudai Sh1,860,000, ikisema kwamba zikipita siku 21 kabla hatujalipa, itakwenda Mahakama Kuu kuomba tufilisiwe. Leo ni siku ya tisa. Katika deni hilo, Sh420,000 ni za magunia 120 yaliyofika yamelowa, unga umeganda kama mawe, na dereva wao mwenyewe aliandika hivyo kwa kalamu nyekundu nyuma ya hati ya kupokelea mzigo kabla ya kuyarudisha. Zilizosalia ninazikubali, ila sina uwezo wa kuzitoa kwa mkupuo. Shemeji yangu ananishauri nihamishie tanuri kwa jina la mke wangu kabla siku hazijaisha, na wakili aliyetuandikia mkataba wa pango anasema kesi za ufilisi si kazi yake. Nianzie wapi?

Wakili Mstaafu

Pole, ndugu yangu. Huyo wakili wa pango amekutendea haki, kwa maana wapo ambao wangepokea ada kwanza ndipo waanze kujifunza.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 huihesabu kampuni kuwa imeshindwa kulipa madeni ikiwa imedaiwa kwa maandishi Sh100,000 au zaidi, zikapita siku 21 bila kulipa, kuweka dhamana wala kuafikiana na mdai. Ni kweli kwamba mahakama haipendi kugeuzwa chombo cha kukusanyia madeni, na deni lenye ubishi wa haki huelekezwa kwenye kesi ya kawaida ya madai. Lakini ubishi wako unagusa Sh420,000 pekee, na Sh1,440,000 unazozikubali zinampa mdai njia pana. Maandishi ya dereva yatakupunguzia deni, ila hayatalizuia ombi.

Kwa hiyo mtafute wakili aliyezoea ufilisi na mashauri ya biashara, umpe kazi tatu kabla ya siku ya 21: ajibu hati kwa barua akitenganisha unachokubali na unachokataa, apendekeze malipo ya awamu yakiambatana na kitu mkononi, na awe tayari kuomba amri ya kuzuia ombi lisiwasilishwe iwapo mdai atakataa kusikiliza. Ombi likishatangazwa, huenda hata muuza sukari akataka taslimu, na kushinda kesi baadaye hakutakurudishia imani yake.

Tanuri usiliguse. Kampuni ikifilisiwa, mfilisi, yaani anayeteuliwa kukusanya mali yake na kuwalipa wadai, huchunguza mali iliyotolewa siku za nyuma, na mahakama yaweza kuirejesha, nawe mkurugenzi ukabaki na maswali ya kujibu.

Bi Hesabu

Nakubaliana na Wakili, nami naongeza swali: je, kuna mkopo wowote ulioudhamini wewe binafsi? Kampuni hata ikifa, udhamini huo haufi nayo.

Utasikia pia watu wakikushauri uombe usimamizi, ambao huwazuia wadai kwa muda huku msimamizi, ambaye lazima awe mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, akitafuta namna ya kuiokoa biashara. Ni njia halali, ila haina uhakika: Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Kwa kampuni ya watu kumi na mmoja, mimi naona gharama zake zingemeza hata unga wa kesho. Mpelekee wakili ankara zote, taarifa za benki za mwaka mzima na orodha ya kila anayekudai, pamoja na mishahara.

Mwoka Mikate

Ahsanteni sana. Nimefungua faili usiku huu na kukuta kwamba udhamini niliusaini, tena ni wa mkopo ulionunulia tanuri hilo hilo, nalo limewekwa rehani benki, kwa hiyo shemeji alikuwa akinituma kuficha kitu kilichoshikwa na wengine. Nimepata miadi na wakili kesho saa nane mchana. Maandishi ya kalamu nyekundu yameanza kufifia, nimeyapiga picha.