Viwanja vya Kayenze: tujenge kijiji cha wastaafu?

Kutoka: Mkulima wa Baridi, Minnesota

Wanandugu, mwangaluka.

Najua wengi humu mnasoma na kupita, ila hili naomba mjibu. Tuko sita, tumeanza kuchangishana tununue ekari kadhaa Kayenze, kule Mwanza, jirani na maji ya Ziwa Victoria, tujenge nyumba ndogondogo za kustaafia. Wengi wetu tumebakiza miaka minne hadi minane kazini. Mimi na mama watoto tunafanya kazi kwenye kijiji cha wastaafu huku, na kila nikiwaona wale wazee wanavyoogelea, wanavyoimba, wanavyogombania uwanja wa kucheza mpira wa vibao, najiuliza kwa nini sisi tusiwe na chetu, tena kwenye ziwa letu wenyewe. Ukuta mmoja, geti moja, mlinzi, kisima, sola, ukumbi wa mazoezi. Dalali anasema mwenye eneo anataka jibu kabla ya Pasaka.

Dada wa Nyegezi, wewe ulisharudi. Tuambie ukweli, usituonee haya.

---

Kutoka: Dada wa Nyegezi, Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Kaka Mkulima, madalali wote wa Mwanza wana mtu anayetaka jibu kabla ya Pasaka. Ikipita Pasaka atataka kabla ya Idi. Usikimbizwe.

Nianze na maji, maana hayo dalali hatayataja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haitaki shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo lile baraza mnaloliota, la kukaa huku miguu iko majini, lifuteni. Na hizo mita 60 mnaanza kuzihesabia wapi? Ziwa halitulii. Lilipanda 2020, likapanda tena 2024. Kuna jirani wa shangazi yangu kule Igombe aliyekuwa anafunga mtumbwi kwenye mwembe, akaja kuufunga kwenye nguzo ya jiko. Wazee wa huku bado wanasimulia mvua za 1961 na jinsi maji yalivyoendelea kujaa mpaka 1964. Halafu kichocho. Wale wazee wenu wanaogelea kwenye bwawa la ndani lenye maji ya vuguvugu na dawa. Ufukwe wenye majani na konokono ni habari nyingine. Mimi ni mtoto wa hapa, vidonge vya kichocho nimevimeza toka shule ya msingi, na bado nikienda ziwani natazama tu.

Lakini maji siyo kubwa langu.

Nilikaa Ohio miaka kumi na tisa. Nane ya kwanza nilikuwa mhudumu wa usiku upande wa wagonjwa, kumi na moja iliyofuata nikawa ofisi ya shughuli za wakazi, kwenye kijiji kama hicho chenu. Kwa wale ambao hawajaingia humo: siyo nyumba ya kulelea wazee. Ni mtaa kamili, na wakazi wengi wamevuka 55. Sheria yao ya 1995 ndiyo inayoruhusu hilo, mradi angalau asilimia 80 ya nyumba awemo mtu wa umri huo. Sun City ya Arizona ilifungua milango Januari 1960, na toka hapo wenzetu wameendelea kujenga. Mtu anaingia akiwa anaendesha gari lake, analima bustani yake, anapika mwenyewe.

Sasa, mgeni akija kutembezwa, ofisi ilikuwa inamwonyesha bwawa, maktaba, na chumba cha useremala. Mimi ningemwonyesha ubao wa zamu. Ulikuwa kwenye korido karibu na masanduku ya barua, umejaa majina kwa kalamu ya bluu. Nani anafungua duka dogo Jumanne. Nani anamwagilia miche. Nani anakwenda shule ya jirani kusoma na watoto wa darasa la pili. Nani anapiga piano Alhamisi. Bibi wa miaka 88 alikuwa anasimamia ubao ule kama hakimu. Ukichelewa zamu mara mbili anakufuata chumba cha kulia, mbele ya watu.

Palikuwa na mzee mmoja, zamani dereva wa treni, mkewe alikuwa ameshafariki. Hakupenda kuimba, hakupenda karata, mazoezi ya kukaa kwenye kiti aliyaita upuuzi. Alichokuwa anajua ni saa. Akabandika karatasi mlangoni: saa mbovu, gonga kuanzia saa tatu asubuhi. Basi kijiji kizima kikagundua kina saa mbovu. Nina hakika nyingine walikuwa wanaziharibu wenyewe. Siku moja ikafika saa tatu mlango haukufunguliwa. Saa tatu na robo vikongwe watatu walikuwa wamesimama pale na saa zao mkononi, wamekasirika, mmoja anagonga kwa fimbo. Ndio walioniita. Alikuwa ameanguka bafuni, nyonga imevunjika. Kile kidude cha kubonyeza ukipata shida, cha kuvaa shingoni, kilikuwa mezani, alikuwa hakivai. Aliyemwokoa ni mtu aliyekuwa anamsubiri.

Ndiyo maana nawauliza: Kayenze mkishafunga geti, nani atagonga?

Maana nyumba ya geti ninayo hapa mjini, naijua. Mama mmoja wa ukoo wetu amejengewa na wanawe Capri Point. Marumaru, friji mbili, mlinzi, dada wa kazi, televisheni kubwa kama mlango wa godauni. Jiwe la Bismarck na kisiwa cha Saanane viko jirani tu, wageni wanakuja kupiga picha. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anachambua mchele ambao ulishachambuliwa kiwandani. Akaniambia, "Mayu, huku hata kuku wa kufukuza hakuna." Kila wiki anaomba apelekwe Misungwi. Wanawe wanadhani ni usahaulifu wa uzee. Hajasahau kitu yule, anakumbuka hadi deni la kreti ya nyanya la mwaka juzi.

Na huku mtaani kwangu Nyegezi kuna mwalimu mstaafu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Pensheni yake ni ndogo, haifai hata kuizungumzia. Saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani na raba za mjukuu, anatembea hadi stendi na kurudi. Akirudi anamwagilia mchicha na figiri. Saa nne akina mama wanamfuata awaandikie vitabu vya kikoba, maana hesabu zake hazina mkunjo. Jioni watoto sita au saba wako barazani kwake na madaftari, hawalipi, ila mmoja ataleta dagaa, mwingine viazi. Jumamosi jumuiya. Nikimwuliza anapumzika lini, ananitazama kama nimemtukana. Huyo, kaka, ndiye kijiji cha wastaafu, na hana hata bwawa.

Mimi mwenyewe miezi minne ya mwanzo baada ya kurudi nilikuwa hoi. Nyumba nzuri, upepo wa ziwa, na sina pa kwenda. Kilichonitoa ni bao. Kijiwe cha kahawa karibu na kwangu wazee wanacheza mchana. Nikasimama siku tatu natazama, ya nne nikamwambia mmoja kete yake ameilaza vibaya. Wakanyamaza wote! Mwanamke, tena na suruali ya Marekani. Baba yangu alinifundisha isolo, bao letu la Kisukuma, kabla sijajua kusoma. Leo nikikosa siku mbili muuza kahawa anatuma kijana aje aulize kama naumwa.

---

Kutoka: Mgika wa Leeds

Dada nakuheshimu, lakini umeipamba Nyegezi. Mimi nilijaribu kurudi, nikakaa Isamilo mwaka mmoja na nusu. Kugongewa niligongewa sana! Anayetaka ada, anayetaka mchango wa harusi, anayetaka nimnunulie pikipiki ya bodaboda kwa sababu baba yake alicheza ngoma na baba yangu. Saa kumi na moja alfajiri. Mstaafu kutoka nje kwao ni benki isiyofungwa. Geti siyo kiburi, geti ni usingizi.

Na ile milima yenu. Nyumba yangu ilikuwa juu kati ya mawe, mandhari ya kupigia picha, ngazi 74 kutoka barabarani. Nilizihesabu kwa sababu goti lilikuwa linazihesabu pia. Mama mmoja jirani alikaa juu kule bila kushuka kanisani miezi. Bajaji haifiki, bodaboda anakataa. Kayenze angalau ni tambarare.

La mwisho, kwa wa Uingereza tu: pensheni ya serikali utalipwa ukiwa Tanzania, ila itagandishwa pale ilipo siku unayoanza kuipokea ukiwa huko. Nyongeza ya kila mwaka wanayopata wenzako wa Leeds wewe huipati. Baada ya miaka kumi utaona.

---

Kutoka: Mhasibu wa Ottawa

Nakazia hapo hapo kwenye hela, kwa ufupi.

Kanada: pensheni inayotokana na makato ya kazini inakufuata popote. Ile ya uzee inataka uwe umeishi Kanada miaka 20 baada ya kutimiza 18, la sivyo ukiondoka husimama baada ya miezi sita. Marekani: mwenye uraia hulipwa akiwa Tanzania. Mwenye kadi ya kijani, ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo malipo yanaweza kukatika, kwa hiyo ulizieni kabla ya kuuza gari. Na bima yao ya wazee, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Ukiiacha sehemu ya madaktari kisha ukarudi, unatozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila mwaka kamili uliokaa bila hiyo, na haiondoki. Wekeni hela ya hospitali pembeni kabla ya kuweka marumaru.

Suala la ardhi kwa waliochukua uraia mwingine: msinunue kwa jina la binamu. Nendeni kwa mwanasheria.

---

Kutoka: Mkulima wa Baridi, Minnesota

Duh. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Amecheka sana pale pa saa mbovu, kisha akanyamaza. Anasema wazee anaowahudumia ghorofa ya tatu wanamjua yeye kuliko sisi tunavyojua majirani zetu wa hapa.

Swali: je, hakuna kitu kama hicho huko tayari? Nimesikia Bukumbi.

---

Kutoka: Dada wa Nyegezi, Mwanza

Bukumbi, kule Misungwi, ni makazi ya serikali kwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Ni kitu kingine, na mkienda nendeni na sabuni na mchele, siyo na kamera.

Mgika, umenipiga pazuri, sikatai. Kugongewa kupo. Mimi nimeweka siku: mambo ya hela ni Jumatano mchana, nyumbani kwangu, na kuna daftari. Mwanzoni walininunia. Sasa anayekuja Jumatatu anarudishwa na jirani kabla hajafika kwangu. Hilo ukuta haukufanyii.

Na geti nalo lina yake. Sisi wote tunatoka Usukumani, tunajua bibi anayekaa peke yake pembeni, macho mekundu kwa moshi wa kuni, ameitwaje na amefanywaje. Anayeonekana kila siku sokoni ni vigumu kumtungia uchawi. Anayefungiwa, watu wanajaza wenyewe.

Matibabu: sera inasema mzee wa 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure vituo vya serikali, na dirisha la wazee lipo. Mimi nililikuta dirisha, dawa nikaambiwa nikanunue nje. Kwa makubwa, hospitali ya Bugando ipo, na kutoka Nyegezi siyo mbali; kutoka Kayenze usiku wa mvua hebu pimeni wenyewe.

Ushauri wangu: acheni ekari. Tafuteni viwanja sita vya kawaida, mtaa wenye watu tayari, tambarare, Buhongwa au Kisesa, zahanati na soko vifikike kwa miguu. Kisesa mna Bujora na makumbusho yake ya Wasukuma pale pale. Ngoma za sikukuu ya Bulabo zikianza mwezi wa sita, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanatafuta watu wa kuwapikia na watu wa kuwabishia, vyote viwili mnaviweza. Mjenge chini, bila ngazi, mlango wa bafu upite kiti cha magurudumu. Chumba kimoja cha nyumba moja kiwe cha watu wote. Na kabla ya msingi, kila mmoja aandike hapa atakuwa na zamu gani. Mke wako ameuguza wagonjwa wa kisukari miaka mingapi? Huku watu wanakatwa miguu kwa kidonda kilichoanza kama lengelenge la kiatu. Akae barazani Jumanne, apime sukari na kutazama nyayo, aone kama atapata muda wa kuboreka.

Jumamosi nakwenda Kisesa kwenye msiba, nitapita kwenye viwanja viwili nilivyoambiwa. Anayetaka nimpigie video aseme kabla ya saa nne. Baada ya hapo simu naizima, kuna mzee pale kijiweni ananidai mchezo toka wiki iliyopita.

---

Kutoka: Mgika wa Leeds

Nipigie. Na hesabu ngazi.