Kumwita mwanafunzi wakati tiketi zimeshalipiwa si kumshirikisha!

Wakuu, uzi huu ni wa ofisi za uhusiano wa kimataifa za vyuo vyetu hapa Uganda. Najua mnapita humu kimyakimya, basi someni.

Acheni kuandika kwenye ripoti kwamba safari za masomo za nje "zimepangwa pamoja na wanafunzi". Nchi imeshachaguliwa, tarehe zimewekwa, malipo ya awali ya tiketi za kundi yametoka, ndipo mnamwita kiongozi mmoja wa gildi (serikali ya wanafunzi) anywe soda na kusaini mahudhurio. Huyo mmemfanya shahidi tu.

Tuanze na pesa. Tangu Juni 2024 visa ya muda mfupi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja) ni yuro 90 kwa mtu mzima. Lakini kanuni za visa za Umoja wa Ulaya zinawasamehe ada hiyo wanafunzi, pamoja na walimu wanaoongozana nao, wanaokwenda kwa masomo au mafunzo. Inayoweza kubaki ni ada ya huduma ya wakala anayepokea maombi. Kwa kundi la watu 20, ada hiyo ya kusamehewa ni yuro 1,800! Sasa mwandike kwenye barua ya chuo "ziara ya kitamaduni", bila kutaja kozi wala chuo mwenyeji, muone kama kuna atakayewasamehe. Mwanafunzi angeiona bajeti mapema angeuliza huo mstari wa ada ya visa ni wa nini. Ila bajeti zenu zinafichwa kama mahari ya binti wa chifu.

Muda nao. Maombi ya visa hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Jibu la kawaida ni siku 15, ila wakitaka kuchunguza zaidi linafika hata siku 45. Nyinyi mnakusanya pasipoti wiki 5 kabla. Hesabu wenyewe. Na wengi hawana pasipoti kabisa: ni shilingi 250,000, na majina yakitofautiana na ya kitambulisho cha taifa, kwanza yarekebishwe. Tiketi ya kundi haimsubiri mtu, na kubadilisha jina ni gharama nyingine.

Halafu taarifa ya benki ya mzazi, ya kuonyesha kuwa safari ina wa kuilipia. Mama anayeuza nguo soko la Owino, Kampala, hela yake inazunguka kwenye simu. Mkimwambia mtoto "tafuta statimenti", ataazima milioni kadhaa ziingie akauntini wiki moja kabla ya maombi, na afisa wa visa akiona hivyo anatilia shaka palepale. Dawa ni barua ya udhamini ya chuo inayotaja nani analipa tiketi, malazi, chakula na bima (bima ya safari, kiwango inachofidia kisipungue yuro 30,000). Haya wanafunzi wanayajua. Hamuwaulizi.

Tunachotaka: wanafunzi wasiopungua wawili kwenye kamati kabla nchi haijachaguliwa, wenye kura, wanaoiona bajeti yote, na walipwe posho ya vikao kama mnavyojilipa. Tarehe zisiwekwe kabla wao hawajazilinganisha na ratiba ya mitihani ya kila idara.

NYONGEZA: Wanaosema kwenye maoni hapo chini "wanafunzi hawana uzoefu", waliosafiri mwaka jana bado wapo hapo chuoni. Kuna ofisi iliyowauliza hata basi la kutoka uwanja wa ndege lilifika saa ngapi?