Naomba ushauri: ngano inanitesa na natafuta ujauzito

Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto, huu mwaka wa 2. Nikila ngano, hata kipande kimoja cha mkate, tumbo linajaa gesi mpaka nalegeza kifungo cha sketi, kisha naharisha. Niliiacha miezi 3 iliyopita nikapata nafuu kubwa mno. Sasa daktari anataka nipime damu kuangalia ugonjwa wa siliaki (ule ambao kinga ya mwili inaharibu utumbo mtu akila ngano), na inabidi nirudie kula ngano wiki kadhaa kwanza, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Je, nikishika mimba katikati ya mateso hayo? Na damu yenyewe iko chini. Foliki asidi mikrogramu 400 nameza kila siku. Mliopitia haya, mlikubali kupima kwanza? Na mimba mliilea kwa kula nini? Nisaidieni jamani.